Baiskeli ya mizigo kwa familia kisiwani Mombasa: nataka kuunda moja ndefu, naomba ushauri wenu

Mama wa Tudor

Assalamu alaikum wanajamvi, na salamu za heshima kwa ndugu wote wa dini nyingine. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 na mdogo ana miaka 4, na tunaishi Tudor. Kwa mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikiwapeleka shule kwa baiskeli, kisha nikipitia Marikiti kununua mboga na samaki kabla ya kurudi kufungua kibanda changu. Baiskeli yenyewe ni ile nyeusi nzito tuijuayo sote, Black Mamba, ambayo marehemu baba aliitumia kwenda kazini Kilindini kwa miaka mingi. Imenifaa kuliko nilivyotarajia, lakini watoto wamekua na mzigo umeongezeka, nami nimeamua kutafuta baiskeli iliyoundwa hasa kwa kubeba watu na vitu.

Nieleze kwanza kwa nini niliachana na bodaboda, maana najua wengi watauliza. Sheria inamruhusu mwendesha pikipiki kubeba abiria mmoja tu, lakini kila asubuhi niliwaona watoto watatu au wanne wamebanwa juu ya tandiko moja, na wangu walikuwa miongoni mwao, tena kwa mkono wangu mwenyewe ndio niliowapandisha. Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Isitoshe, nilikuwa nikilipa shilingi 100 asubuhi na 100 mchana, yaani 1,000 kwa juma la shule, na kwa muhula wa majuma 12 ikawa ni 12,000, fedha ambazo muuza mboga hazimjii kwa urahisi.

Kutoka nyumbani hadi shuleni hapazidi kilomita 2, na kutoka shuleni hadi Marikiti ni karibu zaidi. Kisiwa chetu ni kidogo. Nilipokaa na kuzihesabu safari zangu za juma moja, niliona kwamba karibu zote huanza na kuishia ndani ya kilomita 4, masafa ambayo baiskeli huyamaliza kwa dakika 20 bila haraka, na ambayo kwa matatu huchukua muda huohuo au zaidi ukiongeza kungoja ijae na kukwama Digo Road.

Sasa shida zangu. Keria ya Black Mamba iko juu ya gurudumu kubwa, kwa hiyo chochote unachoweka pale kiko juu pia. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na ushei. Ukimwongeza mtoto nyuma ya mtungi, uzito wote unakuwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani unaanza kuyumba. Nikisimama lazima niishikilie baiskeli kwa kiuno na mikono yote miwili, na mtoto hawezi kushuka mwenyewe. Jambo lililonitisha zaidi lilitokea wakati wa mvua za masika, pale kisigino cha mdogo kilipoteleza kikaingia baina ya spoki. Alhamdulillahi, kilichokatika ni kiatu. Tangu siku hiyo nimefunga ubao mwembamba kila upande wa gurudumu, na ninamwomba kila mzazi anayebeba mtoto kwenye keria afanye hivyo leo, hata kama hataisoma sehemu iliyobaki ya uzi huu.

Kuna na jambo la mavazi. Mimi huvaa buibui, na nilipoanza kuendesha yalisemwa mengi, mengine na watu wanaonipenda. Sitaki kuyarudia hapa. Ninachotaka ni fremu isiyo na bomba la juu, ili nipande na kushuka kwa staha, cheni iliyofunikwa kabisa, na wavu unaozuia nguo isiingie kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli ya kike ya zamani ilikuwa na vitu hivyo vyote.

Nimeona mtandaoni baiskeli za Ulaya zenye sanduku kubwa mbele ambamo watoto hukaa kama wamo ndani ya mashua, na nyingine zenye mkia mrefu ambapo watoto hukaa nyuma ya mwendeshaji. Naomba wenye ujuzi mnieleze, ipi itafaa njia zetu, hewa yetu ya chumvi na mifuko yetu, na je, inaweza kuundwa hapa hapa na fundi wetu?

Baharia mstaafu, Ganjoni

Waalaikumu salaam binti yangu. Umenikumbusha mbali. Nilifanya kazi melini kwa miaka 26 na katika bandari za kaskazini ya Ulaya nilizoea kuzitazama baiskeli hizo kila nilipopata ruhusa ya kushuka. Pale Rotterdam, Uholanzi, huitwa bakfiets, yaani baiskeli ya sanduku, na hapo zamani ilikuwa chombo cha waoka mikate, wauza maziwa na wapeleka vifurushi, watu wa kazi kama mahamali wetu wa mkokoteni. Familia ziliichukua baadaye sana. Denmark nako walikuwa na aina yao ndefu yenye magurudumu mawili, Long John, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1920, ambapo mzigo huwekwa kwenye jukwaa la chini kabisa baina ya usukani na gurudumu dogo la mbele. Ile ya magurudumu matatu yenye sanduku la mbao mbele, inayoonekana sana Copenhagen, ilianza kuundwa mwaka 1984 na mafundi wa mtaa wa Christiania.

Naeleza historia hii kwa sababu ina funzo la kiufundi. Aina zote hizo huuweka mzigo chini, karibu na goti na si karibu na kifua, na ndiyo maana mama mwembamba wa Kiholanzi huwabeba watoto watatu bila kuyumba. Usiangalie sanduku. Angalia urefu wa mzigo kutoka ardhini.

Kuhusu ile ya magurudumu matatu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wana ya kwao wanayoiita guta, nakushauri usiichukue kwa familia. Inasimama yenyewe, hilo ni zuri, lakini upana wake unakaribia sentimita 90, na katika vichochoro vya Mji wa Kale ukikutana na mkokoteni mmoja wenu itabidi arudi nyuma. Pia haiinami kwenye kona kama baiskeli ya kawaida, kwa hiyo ukikata kona kwa kasi gurudumu la ndani huinuka. Barabara zetu zina mteremko kuelekea mitaroni, na utauhisi mteremko huo mkononi safari nzima.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau. Waholanzi hawakuzaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 waliuawa na magari katika nchi ile ndogo, wazazi wakatoka barabarani kuandamana, na shida ya mafuta ya mwaka 1973 ikaongeza nguvu ya hoja yao. Njia hizo unazoziona leo zilidaiwa na akina mama na akina baba.

Mkazi wa Kisauni

Mama wa Tudor, nimekusoma kwa makini na sina nia ya kukuvunja moyo, lakini mimi ni baba na lazima niseme ninachokiona. Ninavuka daraja la Nyali kutoka bara kuja kisiwani kila siku. Magari na matatu hupita pale kwa kasi kubwa, pikipiki hupenya kila upande, na hakuna sehemu iliyotengewa baiskeli. Njia ya pembeni ni ya waendao kwa miguu, na saa za asubuhi hujaa watu. Msimu wa kusi, upepo wa baharini hukupiga ubavuni mara tu unapotoka kwenye kinga ya majengo, na sanduku kubwa litaushika upepo huo kama tanga. Kilomita zinaweza kuwa chache na safari bado isiwe salama. Je, wanaoshauri jambo hili wamewapitisha watoto wao wenyewe pale?

Mama wa Tudor

Ndugu wa Kisauni, swali lako ni la haki na jibu langu ni hapana. Sijawapitisha watoto juu ya daraja la Nyali nikiwa nimepanda, na sina mpango huo. Nikienda soko la Kongowea, ng'ambo ya daraja, kwa bidhaa za jumla huenda peke yangu alfajiri, na sehemu ya darajani nashuka na kusukuma pembeni kwa adabu, nikiwapisha watu. Safari ninazozizungumzia ni za ndani ya kisiwa, na hata huko sipiti njia ya gari. Ilinichukua karibu majuma matatu kuipata njia yetu: tunapita mitaa ya ndani ya Tudor, tunatokea Tononoka, tunavuka barabara kubwa kwa miguu mahali pamoja tu, kisha tunaingia mitaa midogo hadi shuleni. Ni ndefu kwa mita 600 kuliko njia ya moja kwa moja, na ina matuta mengi ya kupunguza kasi ambayo wenye magari huyachukia. Mimi nayapenda matuta hayo. Kila tuta ni mahali ambapo gari limelazimika kwenda mwendo wa baiskeli.

Mzee wetu wa Ganjoni, shukrani sana. Neno lako la kuangalia urefu wa mzigo kutoka ardhini limenifanya niitazame baiskeli yangu upya. Nimepima kwa utepe: keria yangu iko sentimita 78 kutoka chini, na mtoto akikaa juu yake kichwa chake kinanifikia begani.

Fundi wa Majengo

Salamu nyingi kwa wote. Kazi yangu ni kuchomelea na kutengeneza baiskeli na mikokoteni, na nimefurahi kuona mazungumzo haya yakizingatia vipimo. Dada, baiskeli yako inaweza kurefushwa, na wewe si wa kwanza nchini. Katika miaka ya 2000 shirika la Worldbike lilijaribu baiskeli ndefu huko Kisumu kwa ajili ya vijana wa bodaboda za baiskeli, wakaiita Big Boda, na wazo lilikuwa hilohilo: sogeza gurudumu la nyuma lirudi nyuma, ili abiria na mzigo wakae baina ya magurudumu mawili badala ya kuning'inia nyuma ya ekseli. Hapo ndipo kuyumba kwa usukani kunapoisha, kwa sababu gurudumu la mbele linapata sehemu yake ya uzito.

Ila hesabu ina mitego. Ukilirudisha gurudumu nyuma sentimita 40, cheni inaongezeka sentimita 80, kwenda na kurudi. Kila pingili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo unahitaji pingili 63, na kwa kuwa pingili huungana mbili mbili, tuseme 64. Maana yake ni cheni moja nzima na zaidi ya nusu ya nyingine, na cheni ndefu hivyo ikilegea huruka kwenye mashimo. Mimi huweka kigurudumu kidogo kilichofungwa imara, bila springi, cha kuishikilia upande wa chini, katikati ya njia yake.

La pili ni fremu. Dada anataka fremu isiyo na bomba la juu, na nalielewa ombi hilo vizuri, lakini fremu ya namna hiyo hujisokota inapobebeshwa. Ukiwa na mtoto na mtungi nyuma utahisi mkia unakwenda kushoto wakati wewe unakwenda kulia. Dawa yake ni bomba jembamba la pili kila upande, kutoka kwenye shingo ya usukani kushuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, bila kukatika. Yakifungwa kwenye bomba la tandiko yanapokutana nalo, yanaunda pembetatu, na pembetatu haiwezi kubadili umbo lake bila chuma kukunjika. Nimeziona baiskeli nyingi zilizorefushwa ambazo mkia umeunganishwa kwa chuma mbili zinazokwenda sambamba tu. Hizo zote hupasuka kwenye kiungo ndani ya miezi michache.

La tatu, na hapa huenda wengine wasikubaliane nami: usitumie gurudumu la nyuma la inchi 28. Tumia la inchi 20, kama la baiskeli ya BMX, lenye tairi pana. Gurudumu dogo lina spoki fupi, kwa hiyo ni gumu zaidi kupinda, na linaniruhusu kushusha jukwaa hadi karibu sentimita 55 kutoka ardhini. Na kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Baiskeli yako bila shaka ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu kubwa, mzunguko mmoja wa pedali hukupeleka mita 5.4. Kwa gurudumu la inchi 20 na meno yaleyale, mzunguko huo hukupeleka kiasi cha mita 3.8. Utakwenda polepole zaidi kwenye tambarare, lakini mahali pa kupanda utapanda bila kushuka.

Niseme kidogo kuhusu kupanda, maana watu hudhani Mombasa ni tambarare tupu. Tuseme wewe una kilo 65, baiskeli 35, watoto wote wawili na mizigo yao 50. Jumla ni kilo 150. Kwenye mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, unasukuma mbele nguvu sawa na uzito wa kilo 6 muda wote, na ukitaka kupanda kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa unahitaji wati 130, bila kuhesabu msuguano wa tairi. Mtu mzima wa kawaida huweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo wati 130 unaziweza kwa dakika chache, na gia nyepesi hukuwezesha kupunguza mwendo ukafika bila kupumua kwa taabu. Mota ya umeme ingesaidia, sikatai, na zile zinazoruhusiwa Ulaya kama baiskeli za kawaida ni za wati 250, lakini kwa njia ya Tudor hadi Tononoka sioni haja. Fedha hizo zitie kwenye breki.

Breki za fito za Black Mamba hubana rimu ya chuma kilichong'arishwa, na rimu hiyo ikilowa maji haishiki. Kwa mtu mmoja unavumilia. Kwa kilo 150 wakati wa masika, hapana. Tafuta kitovu cha gurudumu la nyuma chenye breki ya kukanyaga pedali kinyume, kama kilichomo kwenye baiskeli za Buffalo zinazounganishwa Kisumu, ambacho breki yake iko ndani na mvua haiifikii, kisha mbele tuweke breki ya kubana yenye rimu ya alumini. Bila hayo mawili mimi sitaikabidhi baiskeli kwa mzazi.

Mwalimu wa Likoni

Nachangia kwa ufupi kwa niaba yetu wa ng'ambo. Baiskeli ndefu iliyobeba mzigo hupandishwa kwenye feri kwa kusukumwa, na ugumu wake hutegemea maji. Maji yakijaa, kigati kinakuwa karibu sawa na sakafu ya feri na unaingia bila taabu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua ambapo tofauti ya maji huzidi mita 3, mteremko ni mkali na umati uko nyuma yako. Nimejaribu na tela la magurudumu mawili lililofungwa nyuma ya baiskeli yangu, na nimehitimisha kwamba kwa kuvuka halifai, kwa sababu wapita njia hawalioni na hujikwaa.

Hata hivyo, upande wetu wenyewe, kutoka nyumbani hadi zahanati, sokoni na shuleni, tela hilo limeokoa kaya yangu. Mke wangu alipojifungua, tulilitumia kuleta maji mitungi minne kwa safari moja, ambayo ni kilo 80, na baiskeli ilibaki nyepesi kwa sababu uzito ulikuwa juu ya magurudumu ya tela lenyewe. Kwa mtoto mchanga hatukulitumia kamwe, wala kwenye baiskeli hatukumpandisha, kwa kuwa shingo yake haikuwa na nguvu ya kuhimili mitikisiko. Tulingoja mpaka alipotimiza mwaka na kukaa imara bila msaada, na hata hapo alivaa kofia ngumu ya kipimo chake. Naomba wazazi msiharakishe hatua hiyo.

Mama wa Tudor, kama mizigo yako mizito ni maji na gesi tu, fikiria tela unaloweza kulifungua na kuliacha nyumbani siku za shule.

Mama wa Tudor

Mwalimu, ahsante, na hongera kwa mtoto. Nimelifikiria tela na nimeona kwamba kwangu halitafaa, kwa kuwa sina mahali pa kuliweka. Ngazi ya nyumba yetu ni nyembamba na ua tunautumia kaya tano. Baiskeli moja ndefu nitaifunga kwenye nguzo ya chini, na hilo tu nimeshaliombea ruhusa.

Fundi, maelezo yako nimeyanakili kwenye daftari. Nina swali moja. Baiskeli ya baba imekaa miaka mingi kwa sababu aliipaka grisi kila Ijumaa, nami sina mkono wake. Hayo mabomba mapya utakayoongeza, yatadumu na chumvi yetu?

Fundi wa Majengo

Chumvi ya hapa haianzii nje, dada. Rangi ya nje watu huiona na kuirudia. Kutu huanzia ndani ya bomba, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia kwenye tundu dogo lililoachwa wakati wa kuchomelea na haitoki. Nitafanya hivi: mabomba yote nitayaziba ncha baada ya kumimina mafuta mazito ndani na kuyazungusha, viungo nitavisugua hadi chuma kiwe cheupe, kisha rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi mbili za juu. Bomba lililopakwa zinki tangu kiwandani sipendi kulichomelea kabla ya kuiondoa hiyo zinki, maana moshi wake humletea fundi homa usiku. Skurubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Cheni ndani ya kifuniko chake itakaa muda mrefu kuliko cheni ya wazi, lakini kila baada ya majuma mawili ifungue, ipanguse kwa kitambaa na uitie mafuta mepesi. Grisi ya baba yako ilifaa kwenye vitovu na gololi. Kwenye cheni hukusanya mchanga, na mchanga hula meno.

Njoo na watoto wote wawili. Nataka kupima urefu wa miguu yao wakiwa wamekaa, ili ubao wa kukanyagia uwekwe mahali ambapo nyayo zitafika, maana mtoto ambaye miguu yake inaning'inia atatafuta mahali pa kuiweka, na mahali pa karibu ni spoki.

Mama wa Tudor

Wanajamvi, nimerudi baada ya majuma saba kutoa taarifa, kama nilivyoahidi wale walioniandikia kwa faragha.

Baiskeli imekamilika na tumeitumia siku 19 za shule. Jukwaa la nyuma liko sentimita 56 kutoka ardhini, lina urefu wa sentimita 80, na limezungushiwa fito pande mbili. Mdogo hukaa mbele, karibu na mgongo wangu, kwenye kiti chenye mkanda. Mkubwa hukaa nyuma yake na ameshika fito. Chini ya jukwaa, kila upande, mna mfuko wa turubai ulioshonwa na fundi cherehani wa jirani, na ndani yake mtungi wa lita 20 unaingia umesimama. Nikiweka mitungi miwili, mmoja kila upande, baiskeli hutulia zaidi kuliko ikiwa tupu, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipolijaribu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 pia unaingia.

Kilichonisumbua ni stendi. Ya kwanza ilikuwa na mguu mmoja, na mkubwa alipopanda kabla yangu baiskeli ililala chini, ingawa hakuumia. Fundi aliiondoa siku hiyohiyo akaweka ya miguu miwili iliyotanuka sentimita 45, nami nimewafundisha watoto kwamba hapandi mtu mpaka niseme. Kwa atakayeunda ya kwake, anza na stendi pana.

Kona ya mkono wa kulia ilinichukua siku nne kuizoea, kwa kuwa baiskeli ndefu huhitaji nafasi kubwa ya kugeukia. Mvua ya kwanza ilitukuta Tononoka na breki ya nyuma ilishika kama kawaida. Mzee wa Ganjoni alipita nyumbani kuiona, akapima urefu wa jukwaa kutoka ardhini kwa fimbo yake, akamtuma mjukuu wake ampigie fundi simu.

Wale walioomba vipimo: umbali baina ya ekseli mbili ni mita 1.52, mabomba ya pembeni ni ya milimita 19, na gurudumu la nyuma lina spoki 36 nene. Picha nitawapigia jua likishuka, nikishamaliza kufunga kibanda.